Wazo Lako Haliibwi, Linaozea Kabatini

Watu wangu, leo hakuna video. Hii nimeona niiandike, kwa sababu nikiisema mbele ya kamera nitaishia kucheka, na jambo lenyewe si la kuchekesha.

Juzi jioni nilikuwa Feri upande wa kisiwani, nasubiri kuvuka kurudi nyumbani Likoni. Mnaijua ile saa. Watu wametoka kazini, joto halijapungua, mtu anakukanyaga halafu anakutazama wewe vibaya. Mbele yangu alisimama kijana amebeba ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho. Utaijua tu: jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu. Lakini alikuwa ameikumbatia kifuani, maandishi yameangalia ndani, kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Mimi na mdomo wangu nikamuuliza, "Umemaliza chuo, eh? Hongera. Mradi ni wa nini?"

Akanipima kwanza. "Ni mambo ya maji."

"Maji gani?"

"Dada, siwezi kusema. Watu huiba mawazo."

Sawa. Nikanyamaza. Sasa kilichonikaa rohoni ni hiki: ubavuni mwake kabisa alikuwa amesimama mzee mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji. Mitungi kama ishirini hivi, mitupu, amemaliza kuuza. Mtu kama huyo anajua mtaa gani maji yake ni ya chumvi, mfereji gani hukauka siku gani, nani hulipa papo hapo na nani hukopa mpaka mwisho wa mwezi. Utafiti wote anatembea nao kichwani. Wakavuka pamoja bega kwa bega, na hakuna aliyemsemesha mwenziwe. Feri ikafika, lango likashuka, kila mtu akashika njia yake.

Nilitaka kumcheka yule kijana nikashindwa. Yule ni mimi wa miaka minne iliyopita.

Sanduku langu la samaki

Mradi wangu mimi ulikuwa kikaushio cha samaki. Sanduku la mbao, juu plastiki ya kupitisha jua, ndani trei za wavu, feni ndogo niliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa, na kifaa cha kupima joto. Kwenye karatasi wazo lilikuwa tamu: samaki wengi wanaharibika, jua la Pwani ni la bure, basi tuwakaushe. Nikalificha vibaya sana. Darasani wakiniuliza nasema nafanya "mambo ya jua" tu.

Kulikuwa na beshte yangu, mtoto wa fundi wa kuchomelea kule kwetu Likoni. Akaniambia, "Nipe michoro, mzee wangu atatutengenezea fremu ya chuma, itakuwa imara kuliko hiyo mbao. Ikiuzika tutagawana." Nikamkatalia. Niliona akipata michoro tu, kesho yake nitakikuta kikaushio changu kinauzwa Kongowea kwa jina la babake.

Nikapata A. Jopo likanipongeza, mmoja wao akasema, "Hiki kitu kina soko." Ripoti moja ikawekwa kwenye kabati la idara, nyingine ikalala chini ya kitanda changu. Miezi ikapita. Siku moja mamangu akachoka na lile sanduku sebuleni, akaniambia, "Mwanangu, ama ulitie moto ama umpelekee jirani." Jirani mwenyewe ni mama karanga. Kwa wasio wa huku kwetu, mama karanga ni wale kina mama wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza mtaani.

Nikamfikishia. Akalizunguka sanduku, akalifungua, akalifunga.

"Mwanangu, humu wanaingia samaki wangapi?"

"Kama kumi na wawili, Mama. Inategemea ukubwa."

"Na wanakaa muda gani?"

"Siku mbili. Tatu kukiwa na mawingu."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi kwa siku nakaanga ndoo tatu. Na huku nani atanunua mkavu kwangu? Watu wanataka wa moto, na ndimu na pilipili. Shida yangu mimi ni wale wanaobaki usiku. Barafu ghali, friji sina, asubuhi nawatupia paka. Hiyo ndiyo ungeniuliza."

Hiyo ndiyo ungeniuliza. Nilitumia mwaka mzima na pesa za mkopo wa HELB kujibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza, halafu nikalificha jibu lisiibwe!

Sanduku liko kwake mpaka leo. Anawekea mahamri, nzi wasiingie. Na yule beshte yangu alienda Doha, analinda mlango wa jengo la watu. Tunaongea bado, hana kinyongo na mimi. Sitasema kwamba mradi ungemzuia kwenda, hilo siwezi kulijua. Ninachojua ni kwamba mtafiti, fundi na mtumiaji walikuwa wote Likoni, wote wanapanda feri moja, na mimi ndiye niliyehakikisha hawakutani.

Stori ya M-Pesa

Hii hofu ya kuibiwa hatukuzaliwa nayo, tumefundishwa. Kila Mkenya ameisikia ile stori: kijana wa chuo aligundua M-Pesa, akaipeleka kwa wakubwa, wakamnyang'anya, sasa wao wanakula mabilioni na yeye hana nauli. Nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia hata darasani. Chuo cha huyo kijana hubadilika kulingana na anayesimulia.

Historia inayojulikana ni nyingine kabisa. M-Pesa ilianzia Vodafone, Uingereza, mikononi mwa watu kama Nick Hughes na Susie Lonie, na sehemu ya pesa za kuanzia ilitoka kwa idara ya misaada ya serikali ya Uingereza, DFID. Mwaka 2005 wakaanza majaribio hapa Kenya pamoja na Safaricom, benki moja, na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Lengo halikuwa kutuma pesa. Lengo lilikuwa mtu aliyekopa alipe mkopo wake kwa simu. Lakini waliopewa hizo simu wakaanza kufanya yao, wakawa wanatumiana pesa. Waendeshaji wa majaribio wakaliona hilo, wakaacha mpango wao wa kwanza na kuwafuata watu. Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Hesabu waliokuwa ndani ya hiyo stori: kampuni ya simu, mkopeshaji, benki, serikali, na wateja wa kawaida ambao ndio waliobadilisha kitu chenyewe. Ingefichwa kifuani kama ile ripoti ya Feri, ingebaki programu ya kulipia mikopo. Tunaipenda ile stori ya kijana aliyeibiwa kwa sababu inatupa ruhusa ya kutosema chochote na mtu. Inatufariji. Na inatumaliza.

Vuka, panda matatu, shuka Gazi

Basi utafiti ukitoka kabatini unafananaje? Huhitaji kwenda Marekani kuuona. Vuka feri, panda matatu ya Lunga Lunga, nenda kusini kama kilomita 50, shuka Gazi.

Gazi kuna mikoko. Sisi wa Mombasa mikoko tunaijua tangu zamani kwa njia moja: kuikata. Ingia nyumba yoyote ya zamani pale Old Town, tazama juu, dari limebebwa na boriti. Boriti ni mikoko. Babu zetu waliiuza mpaka Uarabuni kwa majahazi. Kwa hiyo kwa miaka na miaka mkoko ulikuwa na bei ukiwa umelala chini.

Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyo Mkomani, hapo ng'ambo ya maji ukiwa Old Town, wakaanza kufanya kazi Gazi. Tangu miaka ya 1990 Dkt. James Kairo na wenzake walikuwa wakipanda tena mikoko iliyokatwa na kupima: unene wa miti, kasi ya kukua, kaboni iliyoshikwa na miti na lile tope lake. Walishirikiana na vyuo vya nje, akiwemo Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, Scotland. Ikaonekana kwamba mikoko inazuia kaboni nyingi sana isipande hewani, na kwamba kuna watu duniani walio tayari kulipia hilo.

Sasa, hapo ndipo utafiti mwingi hufia. Unaandikwa kwa Kiingereza kigumu, unachapishwa kwenye jarida, mtafiti anapanda cheo, kijiji kinaendelea kukata kuni. Gazi haikuwa hivyo. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaunda chama chao. Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, ikaingia kwa sababu msitu ni wa serikali. Shirika la Plan Vivo likakagua na kuthibitisha hesabu. Shirika dogo la hisani la Scotland likabeba kazi ya kutafuta wanunuzi. Mradi ukaitwa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 unauza hati za kaboni kutoka hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake, kijiji kuuza kaboni ya mikoko iliyosimama. Mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Mwaka 2019 majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, wakaanzisha wao, Vanga Blue Forest.

Pesa zenyewe si za kununua magari makubwa. Zimeleta maji kijijini, zimenunua vitabu, zimetengeneza shule, na wanakijiji ndio wanaokaa barazani kuamua zitumike wapi. Kwangu mimi huo ni ujasiriamali halisi kuliko nusu ya kampuni zinazopigiwa makofi Nairobi.

Angalia kila mmoja alileta nini. Mtafiti alikuwa na hesabu, hakuwa na msitu. Kijiji kilikuwa na msitu na macho ya kuulinda, hakikuwa na hesabu. Scotland walikuwa na wanunuzi, hawakuwa na mkoko hata mmoja. Serikali ilikuwa na sheria. Mtoe mmoja hapo, yote yanaanguka. Na angalia muda: kutoka miaka ya 1990 mpaka 2013. Sisi tukikosa mwekezaji wiki tatu baada ya mahafali tunaandika "Kenya haithamini vipaji".

Lakini mtandao wa nani?

Nisiwadanganye kwamba ukiunganisha watu tu mambo yanakuwa sawa. Ndugu zetu wa Unguja wana somo chungu kidogo hapo, na linahusu mwani.

Miaka ya 1970, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akisoma mwani wa pwani zetu na kusema unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kuuza nje kikaanza Unguja, upande wa mashariki, Paje na Jambiani. Waliojaa majini kulima walikuwa wanawake, na mpaka leo wao ndio wengi. Utafiti umegeuka biashara, sivyo? Ndiyo. Lakini mwani ulikaushwa, ukafungwa, ukapelekwa nje mbichi vile vile, na huko ndiko unakotolewa ile dutu ya kugandishia inayotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Bei ilipangwa mbali, na mwenye kuingia majini alikuwa wa mwisho kuulizwa. Halafu bahari ikazidi joto, na ile aina yenye bei nzuri, kotoni, ikaanza kufa. Ikabaki spinosamu, ya bei ya chini.

Ndipo 2006 Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho hicho, iliyoko Unguja, akasaidia kuanzisha mtandao uitwao Zanzibar Seaweed Cluster Initiative. Wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali wakakaa pamoja. Wanawake wakajifunza kusaga mwani unga, kutengeneza sabuni na mafuta ya kupaka, kufungasha na kuuza wenyewe. Sabuni haikumtajirisha kila mtu. Lakini sehemu ya thamani iliyokuwa inapanda meli sasa inabaki kwa aliyelowa. Hata huku kwetu, Kibuyuni kule Kwale, kina mama wanalima mwani na kutengeneza sabuni.

Kwa hiyo nikisema mtandao, sisemi kujuana. Mtandao wa kwanza wa mwani ulikuwepo: chuo, kampuni, mkulima. Tatizo ni kwamba bei ilipopangwa mkulima hakuwa barazani. Ukiunda kundi lako, jiulize nani hayupo hapo. Mara nyingi ni yule ambaye bila yeye hakuna kitu.

Najua mtakachosema

La kwanza: "Wewe dada unaongea tu, wazo likiibwa kweli?" Wizi upo, sikatai. Ndiyo maana kuna KIPI, ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Hataza hapa Kenya inakulinda miaka 20, na kuna usajili mwepesi wa maboresho madogo unaokulinda miaka 10. Kama umevumbua kitu kipya kweli, waulize KIPI kabla hujakianika hadharani, kwa sababu kitu kilichokwisha kujulikana hakisajiliki kirahisi. Ila tofautisha mambo mawili. Kuna shida, na kuna dawa yake. Dawa ifiche ukitaka, mpaka uisajili au uandikiane mkataba na wenzako. Shida iseme kwa kila mtu. Kumuuliza mama karanga kila usiku anabakiwa na samaki wangapi si kumpa mchoro wangu. Mimi nilivificha vyote viwili, nikabaki na sanduku la mahamri.

La pili, na hili nalisikia kwa watu wazima wa Old Town na wavuvi wa Likoni: "Nyinyi watu wa vyuo mmetuchosha." Wana haki. Wanafunzi huja na karatasi za maswali, wanapiga picha na ngalawa, wanasema ahsante, basi. Mzee ametoa asubuhi yake nzima na hajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa alichokisema. Halafu tunashangaa siku ya pili anatuambia uongo ili tuondoke haraka. Ukichukua neno la mtu, rudi nalo. Hata kama majibu ni mabaya. Hata kama ulipata C.

La tatu: "Mbona kuna mashindano ya ubunifu kila mwezi?" Manze, hayo nayajua. Nina fulana sita. Mashindano yanakupa majaji watatu na dakika tano. Mtumiaji huwa hayupo ukumbini, yuko kazini. Sisemi msiende, nasema msidhani mkitoka pale na picha na soda mmeshapata mtandao.

Na tusiseme hatuna pa kukutania. SwahiliPot Hub iko pale Old Town karibu na Fort Jesus tangu 2016, watu wa kompyuta na watu wa sanaa wanapishana kwenye ua mmoja. Chuo cha TUM kiko Tudor. Mnajua kilivyoanza? Miaka ya 1940 ikielekea mwisho, kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakoloni. Watu ambao hawakuwa wanaswali msikiti mmoja walichanga ili vijana wa Pwani wapate ufundi. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Chuo chenyewe kilizaliwa na mtandao, halafu sisi tunaosoma humo kila mmoja amefunga droo yake na kufuli.

Ninachotaka

Nina matatu tu. Mawili ni ya vyuo, moja ni letu.

Vyuo vyetu vya Pwani, vyote: kabla mwanafunzi hajapitishiwa mada ya mradi, adai sahihi mbili. Ya mhadhiri, na ya mtu mmoja wa nje ambaye anaishi na hiyo shida. Mvuvi, nesi, dereva wa tuktuk, muuza maji, mwenye duka. Sahihi hiyo ingeniokoa mimi mwaka mzima. Haigharimu shilingi, ni nauli ya kuvuka tu, na kwa miguu feri ni bure.

Pili: kila ripoti itolewe ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kiswahili cha kueleweka, si cha kamusi. Zinazohusu samaki zipelekwe BMU, kwa wavuvi wenyewe. Zinazohusu maji zibandikwe vioskini. Nusu ya hizo karatasi zitafungiwa viazi karai, najua. Hata hivyo mla viazi atasoma, jambo ambalo hakuna anayelifanya kwenye kabati la idara.

La tatu ni sisi. Acheni kutafuta mwekezaji kwanza. Tafuta watu wanne: anayejua kupima, anayejua kutengeneza, anayeishi na shida, na anayejua hesabu za pesa. Ukimpata wa tano anayejua kusema na watu, kama mimi hivi mwenye domo, ongeza. Kaeni chini mkubaliane mapema, kwa maandishi, kila mmoja atapata nini kitu kikikubali. Maandishi hayo ndiyo yatakayowalinda. Kimya hakijamlinda mtu.

Mimi nimeanza upya. Tuko wanne. Fundi ni yule mzee, babake beshte yangu, na beshte mwenyewe hutuma maoni usiku akiwa zamu, huwa makali kweli. Mama karanga ndiye mwenye usemi wa mwisho. Tunajaribu kitu kidogo cha kuhifadhi samaki wanaobaki, na nimewaambia nyote hapa shida ni ipi. Jaribio la kwanza limevuja maji mlango mzima. La pili Mama amesema ni zuri lakini halipiti kwenye mlango wake wa jikoni. Hatukuwa tumeupima. Sasa tumeupima.

Kama kuna mtu anayejua kubana baridi bila umeme mwingi, aniandikie. Nitakujibu, na sitakuuliza chuo gani.

Na wewe kijana wa ripoti nyeusi, ikikufikia hii, yule mzee wa mkokoteni nimemuona tena. Huvuka kuelekea Likoni mida ile ile ya jioni, hukaa upande wa kulia karibu na reli. Nilimsalimu. Anapenda kuongea.